Ziba Ufa Bila Kubomoa Ukuta

Hotuba kwa wahudumu na vijana wanaotunza kompyuta za zahanati na shule, kama ilivyotolewa katika semina yetu ya siku mbili.



Sote tunajua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo naomba tuongeze neno moja. Kuna mtu mwingine ambaye akiona ufa hukimbilia nyundo, agonge hapa, agonge pale, na jioni ukuta wote uko chini. Huyo naye atajenga ukuta. Katika kazi yetu watu hawa wawili tunao. Mmoja husema, "Mtambo unafanya kazi, usiuguse." Mwingine akisikia tu kwamba toleo jipya limetoka, analiweka papo hapo, saa nne asubuhi, wagonjwa wakiwa kwenye foleni. Wote wawili hutuletea hasara.

Wengi wenu mnatumia programu huria, yaani programu ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma na kuyarekebisha. Chukueni OpenMRS, programu ya kuweka kumbukumbu za wagonjwa. Ilianza mwaka 2004 kwa ushirikiano uliohusisha wenzetu wa Eldoret, na mwaka 2006 ikaanza kutumika huko huko. Hii si mali ya wageni. Ni ya kwetu pia. Lakini programu yoyote iliyoandikwa na binadamu ina makosa, na kosa likigunduliwa, walioiandika hutoa kiraka. Kiraka ni mabadiliko madogo ya kuziba tundu, kama vile fundi wa cherehani anavyoshona suruali bila kukushonea suruali nyingine.

Kwa nini tusiache tu? Ngojeni niwaeleze yaliyotokea Marekani mwaka 2017. Kampuni ya Equifax, inayotunza habari za mikopo ya watu, ilikuwa inatumia programu huria iitwayo Apache Struts. Mwezi wa Machi mwaka huo tundu la hatari lilitangazwa, na kiraka kikatolewa bure. Kampuni haikukiweka mahali pote kilipohitajika. Mwezi wa Mei wezi wakapitia tundu hilo hilo. Habari za watu wapatao milioni 147 zikaibiwa. Dawa ilikuwepo, nayo haikuhitaji hata shilingi. Haikunywewa.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwaka 2006, mmoja wa watunzaji wa Debian, mfumo wa kompyuta ambao wengi wenu mnao kwenye seva zenu, alirekebisha programu ya OpenSSL inayotengeneza funguo za siri. Chombo cha kukagua makosa kilikuwa kinalalamika juu ya mistari fulani. Akaiondoa, na malalamiko yakaisha. Kumbe mistari ile ndiyo iliyoleta bahati nasibu inayofanya ufunguo mmoja usifanane na mwingine. Tangu hapo mashine hizo zikawa zinatoa funguo 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa, idadi ambayo mwizi anaweza kuijaribu yote kwa muda mfupi. Kosa halikugunduliwa mpaka Mei 2008. Kwa karibu miaka miwili kila kitu kilionekana kinafanya kazi vizuri. Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Alitaka kusaidia.

Na mimi je? Mimi pia nimebomoa ukuta. Ilikuwa katika zahanati moja ambayo sitaitaja. Jumatatu asubuhi nikaweka toleo jipya la programu ya kumbukumbu. Likawaka, likabadilisha majedwali ya hifadhidata, kisha moduli moja ya zamani ikakataa kabisa. Nikafikiri, si neno, nitarudisha programu ya jana. Nikairudisha. Nayo ikakataa, kwa sababu hifadhidata haikuwa tena ile iliyoizoea. Hapo jasho likaanza kunitoka. Nikakimbilia nakala za akiba. Zilikuwepo, moja kwa kila usiku, na tarehe zake. Nikafungua ya jana, tupu. Ya juzi, tupu. Diski ilikuwa imejaa tangu majuma mawili yaliyopita, na hakuna aliyetazama.

Huku nje akina mama walikuwa wanangoja na watoto. Muuguzi akaniuliza, "Huyu alipewa dawa gani mwezi huu, na kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Kilichotuokoa ni kadi za karatasi ambazo wauguzi hawakuwa wameacha kuzijaza. Tulikaa siku nne tukiingiza upya kazi ya majuma mawili. Kama karatasi zingekuwa zimeachwa, ningewaambia nini wale akina mama?

Kwa hivyo haya ninayowaambia sikuyapata darasani. Yashikeni.

La kwanza, jueni mlicho nacho. Wekeni daftari karibu na seva. Andikeni toleo la mfumo, toleo la programu, moduli zote na matoleo yake. Andikeni pia kila mlichobadilisha wenyewe, hata kama ni neno moja kwenye risiti. Vijana wengi hufungua faili la programu na kulirekebisha humo humo ndani. Toleo jipya likija linafuta yote. Badiliko lenu liwekeni pembeni kama kiraka chenu wenyewe. Kuna chombo cha kazi hiyo, jina lake patch, kilichoandikwa na Larry Wall mwaka 1985. Toleo lake linalotumika kwenye Linux ukiliambia --dry-run, linakuonyesha kama kiraka kitaingia sawasawa bila kugusa faili hata moja. Na kiraka kilichokwisha kuingia unaweza kukitoa kwa -R.

La pili, chukueni nakala ya akiba, kisha muifungue. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini tu. Irudishe kwenye mashine nyingine, mtafute mgonjwa wa jana, uone kama yumo. Nakala iwe ya vitu vyote pamoja, yaani hifadhidata, programu, moduli na faili za mipangilio, kwa maana mmeona kilichonipata niliporudisha kimoja na kuacha kingine. Nakala moja isikae katika chumba kimoja na seva.

La tatu, jaribuni kando. Tafuteni kompyuta kuukuu, wekeni humo mfano wa mtambo wenu, halafu kiraka kianzie hapo. Kikivunja kitu, kimevunja kando, na hakuna mgonjwa aliyeumia. Lakini jihadharini, habari za wagonjwa ni siri hata zikiwa kwenye kompyuta ya majaribio. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haiulizi kama mashine ni mpya au kuukuu. Ifungieni, na mkimaliza mfute.

La nne, someni kabla ya kuweka. Kila toleo huja na maelezo yake. Je, hiki ni kiraka cha usalama peke yake, au ni toleo kubwa linalobadilisha hifadhidata? Hivi ni vitu viwili tofauti. Cha usalama kisingoje, kijaribuni upesi na mkiweke. Toleo kubwa lipangeni kwa utaratibu. Msiviweke viwili siku moja, maana kikiharibika kitu hamtajua nani mwenye kosa. Na chukueni kiraka kwa wenyewe, si kwenye flashi ya rafiki.

La tano, chagueni saa. Si Jumatatu asubuhi, wala si siku ya kliniki. Hakikisheni stima ipo na betri ya akiba ina chaji. Mwe wawili, mmoja akifanya na mwingine akiandika kila hatua. Na kabla ya kuanza mkubaliane saa ya kurudi nyuma. Mkisema saa kumi, ikifika saa kumi mambo hayajakaa sawa, rudisheni nakala muende nyumbani. Fundi akichoka usiku, kila hatua ya kurekebisha inazaa kosa jingine.

La sita, mkimaliza msiseme "imewaka" mkaondoka. Kuwaka si kufanya kazi. Mwiteni muuguzi au mwalimu anayeitumia kila siku. Asajili mtu wa majaribio, atafute kadi, achapishe ripoti, na aseme kwa kinywa chake kwamba ni sawa. Tazameni tena kesho yake, na mtazame kama nakala ya usiku imeandikwa na ina uzito wake.

Sasa neno kwa wanakamati, kwa sababu mara nyingi lawama zote huangukia kijana wa kompyuta. Programu huria haina ada ya leseni, lakini matunzo yake yana gharama. Mkinunua seva bila diski ya pili, mmenunua gari bila gurudumu la akiba. Kijana akiomba kompyuta kuukuu ya majaribio, msimwambie hiyo ni anasa. Na akiomba kufunga mtambo kwa saa mbili Jumamosi jioni, mpeni saa hizo. Mkimnyima, siku moja mtambo utajichukulia saa zake wenyewe, na hautauliza ni siku gani.

Na ninyi vijana, mkigundua kosa na kulirekebisha, msikae na dawa mfukoni. Wapelekeeni wanaoitunza programu, muwaeleze tatizo na jinsi mlivyolitatua. Watakikagua kiraka chenu kwa macho mengi kuliko yenu, na kikikubaliwa, toleo lijalo halitakifuta. Zahanati nyingine ambayo hamtaiona kamwe itapona kwa kazi yenu.

Nimalizie kwa kuwapa kazi ya nyumbani. Kabla ya juma hili kwisha, kila mmoja wenu achukue nakala ya akiba ya jana, aifungue kwenye mashine nyingine, aone ndani mna nini. Usiweke kiraka chochote kabla ya hapo. Ukikuta ni tupu, usione haya. Afadhali uikute wewe leo, chumbani peke yako, kuliko muuguzi akuulize mama huyu alipewa dawa gani.

Sasa tupate chai, halafu mniulize maswali.