Godoro Kwanza, Ukuta Baadaye: Jinsi Jamii Inavyoweza Kuanzisha Jimu Ndogo ya Kukwea

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa michezo mbele ya vikundi vya vijana, wazazi na waelekezi wa watalii mjini Naivasha.



Kila wikendi magari hutoka Nairobi kuja Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate. Mnaujua Mnara wa Fischer, ule mwamba uliosimama peke yake si mbali na lango la Elsa, wenye urefu wa takriban mita 25. Wageni hufunga kamba wakaukwea, na baadhi yenu hupata riziki kwa kuwaongoza. Lakini kijana wa hapa anayetaka kazi hiyo atajifunzia wapi? Akijifunza kwa kubahatisha, mita 10 kutoka ardhini, kosa la kwanza laweza kuwa la mwisho. Hilo ndilo limetuleta hapa.

Kuna wanaosema huu ni mchezo wa wageni. Desemba 1963, nchi ilipopata Uhuru, aliyepandisha bendera yetu juu ya Mlima Kenya ni Mkenya, Kisoi Munyao. Na tangu michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, kukwea kuna medali za Olimpiki. Miamba tunayo. Tunachokosa ni mahali pa kufanyia mazoezi.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: jimu itagharimu pesa ngapi? Hilo liwe swali la tatu. La kwanza ni, mtu akianguka ataangukia nini? La pili, nani atakuwa hapo akimwangalia? Kikundi chenye majibu ya hayo mawili ndicho kinachoweza kwenda kununua mbao.

Ukuta mfupi, godoro nene

Ushauri wangu ni muanze bila kamba. Kuna ukweaji wa ukuta mfupi, ambapo mtu hapandi juu sana na chini yake pametandikwa magodoro. Kwa kikundi kipya, mita tatu zinatosha. Ukuta huo ukiinamishwa kumwelekea anayekwea, hata mtu mwenye nguvu atatoka jasho.

Kazi yenyewe fundi wa hapa ataiweza: fremu imara ya mbao au chuma, na plaiwudi ya milimita 18 iliyotobolewa matundu kila baada ya sentimita 20 hivi. Nyuma ya kila tundu hupigwa nati yenye meno, ili vishikio vifungwe kwa bolti na kuhamishwa. Mkihamisha vishikio mmepata njia mpya bila kununua ukuta mwingine. Vishikio vya mbao ngumu vinaweza kuchongwa na wanafunzi wa vyuo vya ufundi, mradi vipigwe msasa vizuri. Ila fremu isifungwe kwenye jengo lolote kabla mhandisi hajalikagua. Mtu anayening'inia na kurukaruka huvuta ukuta kwa nguvu kupita uzito wake.

Godoro moja la kulalia halitoshi. Sponji laini hukaa chini, ile ngumu juu, unene wa jumla ukiwa kama sentimita 30. Kisha turubai moja hufunika yote, pasiwe na mwanya kati ya godoro na godoro. Mguu ukiingia kwenye mwanya, kifundo huteguka. Magodoro yajaze kila mahali mtu anapoweza kuangukia, nyuma na kando. Pesa zikiwa chache, punguzeni upana wa ukuta. Godoro lisiguswe.

Siku mtakapofikia kukwea kwa kamba, tafuteni mwalimu aliyehitimu kabla ya kutafuta kamba. Na mkiletewa zawadi ya kamba kuukuu ambayo hamjui ilivyotumika, shukuruni, kisha mtafute kazi nyingine ya kuifanyia, si kubebea mtu. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10 kwa kamba na mikanda, hata kama havikutumika kamwe.

Daftari na zamu

Kanuni ziandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Asikae wala kupita mtu chini ya anayekwea. Pete zivuliwe. Ukifika juu, shuka kwa vishikio kadiri uwezavyo. Ukianguka, tua kwa miguu miwili, magoti yakunje, kisha bingirika kwa mgongo, na usinyooshe mkono nyuma kujizuia. Watoto wasikwee bila mtu mzima wa zamu, ambaye jina lake limo kwenye daftari la siku hiyo. Bolti zikaguliwe kila wiki na aliyekagua atie sahihi.

Makocha, wale walio bado wanakua msiwape mazoezi mazito ya kuning'inia kwa ncha za vidole. Mifupa ya vidole vyao haijakomaa na huweza kuvunjika pale pale inapokulia.

Kikundi na pesa zake

Kila mmoja hapa anajua chama kinavyoendeshwa, na jimu ya jamii ni chama chenye ukuta. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10. Andikeni katiba yenu, chagueni viongozi, wekeni kumbukumbu za mikutano, kisha mfike ofisi ya maendeleo ya jamii mjisajili. Akaunti ya benki iwe na watia sahihi watatu.

Tuseme mna wanachama 30, kila mmoja akitoa shilingi 200 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 6,000. Kabla ya kulipa chochote, tengeni fungu la magodoro, kwa sababu sponji hulegea na ukuta hauwezi kukwewa bila yake. Wageni walipe zaidi kwa siku. Na asiye na 200 asifukuzwe. Mjini Memphis, Marekani, kuna jimu ya kukwea iitwayo Memphis Rox, katika mtaa wa watu wa kipato cha chini, ambako hakuna anayerudishwa mlangoni kwa kukosa ada. Kwetu hapa, kijana kama huyo anaweza kufagia, kukagua bolti au kushika zamu. Wekeni pia saa za wasichana, na mama mmoja au wawili wawe kwenye kamati. Mzazi akiona hivyo, atamruhusu binti yake.

Sikuja na hundi mfukoni. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba Jedwali la Nne la Katiba limeweka michezo na vifaa vyake miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa hiyo vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti vinapoitishwa katika wadi yenu, fikeni. Nendeni na cheti cha usajili, mchoro wa ukuta, barua ya mwenye ukumbi na hesabu ya magodoro. Ombi lenye karatasi hizo nne husikika tofauti na malalamiko.

Nawaomba kabla hatujaachana leo, waliotayari kuwa wa kwanza waandike majina yao mezani pale. Tunahitaji 10 tu kuanza.