Televisheni ya Angani: Ni Nani Atungaye Vipindi?



Husemwa mara nyingi kwamba setilaiti na televisheni zimeigeuza dunia kuwa kijiji kimoja. Msemo huo unapendeza masikioni, lakini unaficha swali kubwa: katika kijiji hicho, ni nani asemaye na ni nani asikilizaye tu? Iko nchi moja iliyokwisha kuonja hali zote mbili, nayo ni India.

Setilaiti iliyowekwa juu ya Ikweta, kwenye kimo cha kilometa 36,000 hivi, huzunguka sawasawa na dunia, hata ikaonekana kana kwamba imesimama mahali pamoja. Matangazo yake hayajui mpaka wala hayaulizwi pasi.

Mwaka 1969 India ilitia saini mapatano na NASA, shirika la anga la Marekani, ili kuazima setilaiti kwa mwaka mmoja. Setilaiti hiyo, ATS-6, ilirushwa mwaka 1974, na mwaka uliofuata ikasogezwa hadi nyuzi 35 mashariki. Yaani ilikaa juu ya magharibi mwa Kenya, si mbali na Ziwa Victoria, ingawa sauti yake ilielekezwa ng'ambo ya bahari. Tangu tarehe 1 Agosti 1975 hadi 31 Julai 1976, vijiji vipatavyo 2,400 vya majimbo sita ya India vilipokea matangazo kutoka humo.

Chombo kilikuwa cha Marekani, lakini vipindi vilitungwa na Wahindi wenyewe. Madishi, yenye upana wa mita tatu hivi, yalitengenezwa kwa wavu wa waya, ule ule wa mabanda ya kuku. Asubuhi kwa saa moja na nusu watoto wa shule walifundishwa; jioni kwa saa mbili na nusu watu wazima waliletewa habari za kilimo, afya na uzazi wa majira, pamoja na ngoma na michezo ya kuigiza. Picha moja iliweza kufuatana na sauti mbili, hata watu wa lugha mbili mbalimbali wakatazama jambo lile lile, kila mmoja akisikia lugha yake. Wakati wa likizo, maelfu ya walimu walipewa mafunzo ya sayansi kwa njia hiyo hiyo. Seti iliwekwa shuleni au penye baraza la kijiji, na watu wakakusanyika. Watanzania wanaoikumbuka kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi, watautambua mtindo huo mara moja.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba mambo yote yalikwenda sawa. Kihindi kilichoandaliwa Delhi kilipelekwa Bihar, Rajasthan na Madhya Pradesh, mahali ambapo mwanakijiji nyumbani kwake husema lahaja nyingine kabisa. Kwa hiyo kumbe mgeni si lazima atoke ng'ambo. Hata mji mkuu waweza kuwa mgeni kijijini. Waliolitambua hilo mapema ni watengenezaji wa vipindi wa wilaya ya Kheda, jimbo la Gujarat. Wao waliwaendea wakulima, wakatunga pamoja nao michezo iliyozungumzia dhuluma za matabaka na ujira wa vibarua, kwa lugha ya pale pale. Kazi yao ilipewa tuzo ya UNESCO mwaka 1984.

Wakati huo mataifa yalikuwa yakibishana juu ya haki ya nchi kutangaza moja kwa moja ndani ya nchi nyingine. Desemba 1982 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni zinazotaka nchi inayokusudiwa iarifiwe na mapatano yafanywe kwanza. Nchi 107 zilikubali, 13 zikapinga, Marekani ikiwa mojawapo, na 13 hazikupiga kura. Kanuni hizo hazikuwa na meno.

Mwaka 1991 kampuni ya STAR TV ya Hong Kong ilianza kutangaza kupitia AsiaSat 1. Chombo hicho, kwa bahati ya ajabu, kilikuwa kimewahi kupotea njia angani chini ya jina jingine, kikaokotwa na wanaanga wa Marekani mwaka 1984, kikatengenezwa na kuuzwa upya. Mijini India, vijana wenye biashara ndogo walitega madishi juu ya majumba na kuvuta nyaya hadi kwa majirani. Vipindi vya Kiingereza na muziki wa Kimarekani viliingia sebuleni bila hodi.

Wengi walitabiri kwamba utamaduni wa India ungezama. Haukuzama. Mwaka 1992 Zee TV ilianza kutangaza kwa Kihindi kupitia setilaiti ile ile, na watazamaji wakaifuata. Baadaye hata MTV ililazimika kupiga nyimbo za filamu za Kihindi ili isikilizwe. Lugha ya watu ilishinda sokoni. Lakini soko nalo lilikuwa na masharti yake: vipindi vililipiwa na wauza sabuni na vipodozi, na mtu asiye na fedha za kununua hakuwa na sababu ya kutungiwa kipindi. Mkulima wa Bihar, aliyekuwa mlengwa mkuu mwaka 1975, hakuwa tena machoni pa mtangazaji.

Ilipofika Septemba 2004, India ilirusha EDUSAT, setilaiti ya elimu peke yake, iliyojengwa nchini na kupandishwa kwa roketi yake yenyewe. Kati ya mwalimu wa kijiji aliyezimiwa seti mwaka 1976 na yule aliyefunguliwa darasa la EDUSAT, ilikuwa imepita miaka 28.