Walikuja na Watoto

Kwetu Mitaboni mtoto huujua mchanga wa mto, ule unaochimbwa wakati wa kiangazi ili maji yapatikane. Mchanga wa bahari ni jambo jingine. Jamaa ikijaliwa nauli ya kwenda Mombasa, zaidi ya kilomita 400, na kushinda ufuoni Bamburi, watoto huonja kwanza ile chumvi ndipo waamini. Siku hiyo moja husimuliwa miaka mingi.

Leo twendeni kwenye ufuo mwingine, wa Bahari ya Mediteranea, mjini Tiro, katika nchi ya Lebanoni. Twasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 21, kwamba meli aliyosafiria Paulo iliteremsha shehena huko, naye na wenzake wakakaa na wanafunzi siku saba. Kuagana kulikuwa kuzito. Walikuwa wamekwisha kumwonya asiende Yerusalemu, naye hakugeuka. Basi wakamsindikiza hadi nje ya mji, na hapo Luka ataja neno ambalo twalipita upesi: wanaume hawakuja peke yao. Walikuja na wake zao, na watoto pia. Wote wakapiga magoti ufuoni, wakaomba.

Nawafikiria wale watoto. Bila shaka wengine walitaka kuokota makombe tu. Mtoto ni mtoto. Lakini walimwona mtu akienda penye hatari, wakawaona na wazazi wao magotini.

Je, sisi? Siku hizi mama huondoka kwenda kazini Saudia au Qatar kwa mkataba, mara nyingi wa miaka miwili. Hutoka alfajiri watoto wangali wamelala, ili wasilie. Nyanya huachiwa la kusema: "Mama amekwenda sokoni." Nia ni njema, najua. Lakini mtoto huyo atangoja kikapu jioni, na kesho yake, na kesho kutwa. Siku atakapoambiwa kweli, atamwaminije nyanya?

Mama unayefunga sanduku juma hili, waamshe. Waambie unakwenda nchi gani, na kwa muda gani. Wakilia, na walie. Kisha pigeni magoti pamoja na nyanya yao hapo uani, penye vumbi, hata kama gari limekwisha kupiga honi barabarani.