Hela ya kadi si yako mpaka mwenye kadi anyamaze

(Mada niliyoitoa kwa vijana wa Kanda ya Nyasa, Iringa mjini)

 

Nimepewa robo saa niongee kuhusu sheria na biashara ya mtandaoni. Nimechagua kipande kimoja tu: kuuza majina ya vikoa, yaani domeini, na kupokea malipo ya kadi bila kupigwa.

Kwa nini hili? Kwa sababu kila siku tunaambiwa "vijana jiajirini", na wapo waliojiajiri kweli. Kijana anamaliza chuo Mbeya au Iringa, anatengeneza tovuti za loji zinazopokea wageni wa Ruaha, za wauza kahawa wa Mbozi, za shule binafsi. Jina la kikoa analinunua kwa msajili aliyeidhinishwa, analiuza kwa mteja na faida kidogo. Mteja wa Mwanjelwa analipa kwa lipa namba, mambo yanaisha. Lakini mteja wa Lusaka au Ujerumani anataka kulipa kwa kadi. Hapo ndipo shida inaanzia.

Jamani, pesa za simu zimetuzoesha vibaya. Tumezoea kwamba salio likishaongezeka, biashara imeisha. Kadi siyo hivyo. Malipo ya kadi yakikubaliwa, maana yake benki ya mwenye kadi imeruhusu. Mwenye kadi akienda benki akasema "hii siyo mimi", malipo yanaweza kurudishwa. Kwa Visa, kwa kawaida ana hadi siku 120 za kulalamika. Benki inamdai mtoa huduma ya malipo, naye anakukata wewe, mara nyingi na faini juu yake.

Piga hesabu. Tuseme unauza jina kwa shilingi 35,000 na msajili anakutoza 28,000. Faida yako ni 7,000. Kadi ikiwa ya wizi, 35,000 zote zinarudi kwa mwenyewe, na ile 28,000 umeshailipa kwa msajili. Unahitaji kuuza majina manne safi ili tu urudi sifuri, faini hatujagusa. Muuza viazi wa Uyole akidhulumiwa anaweza kulifukuzia gunia lake. Wewe umeuza kitu kisichoshikika, kilichomfikia mnunuzi ndani ya dakika chache. Tena tapeli halitaki jina hilo kwa ajili ya loji. Mara nyingi analitaka afungue ukurasa wa benki feki, na wanaochunguza wakianza kuuliza nani aliuza, wanakuja kwako.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, usiishike kadi ya mtu. Usipokee picha ya kadi WhatsApp, usiandike namba zake kwenye daftari. Tumia kampuni ya malipo yenye leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, na mteja aandike namba zake kwenye ukurasa wa kampuni hiyo, siyo wako. Zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi hazihifadhiwi na muuzaji baada ya malipo kuidhinishwa. Kanuni za kimataifa za kadi zinakataza. Na ukikusanya taarifa za watu ovyo, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Pili, uliza kampuni hiyo kama ina uthibitisho wa 3-D Secure, ule wa mwenye kadi kupata namba ya siri kwenye simu yake. Malipo yakipita hapo, hasara ya "siyo mimi" kwa kawaida inahamia kwa benki iliyotoa kadi. Kwa muuzaji mdogo, hii ndiyo ngao kubwa kuliko zote.

Tatu, tazama kabla ya kusajili. Kadi ya nchi moja, mtu yuko nchi nyingine. Kadi tatu zimekataa, ya nne imekubali. Majina kumi kwa mpigo, ya miaka mingi, mengine yanafanana na jina la benki. Mpigie simu. Asiyetaka kuongea, mrudishie hela yake mapema, mwenyewe, kabla haijadaiwa. Kwa .com zipo siku 5 za mwanzo ambazo msajili anaweza kufuta jina na kurudishiwa ada. Muulize msajili wako kama na wewe wakala unanufaika nazo.

Nne, tunza ushahidi: oda, tarehe na saa, anwani ya mtandao aliyotumia, barua pepe zenu, masharti aliyoyakubali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua kumbukumbu hizi mahakamani. Mlalamikaji akija, anayeshinda ni mwenye karatasi.

Tano, jina la bei kubwa unalomiliki tayari usiliuze kwa kadi. Tumia huduma ya mtu wa kati, kama Escrow.com, anayeshika fedha mpaka jina lihame.

Makamanda, sasa siasa yake. Desemba 2016, Maxence Melo wa JamiiForums alifikishwa Mahakama ya Kisutu, na moja ya mashtaka lilikuwa kuendesha tovuti isiyosajiliwa kwa .tz. Kwa hiyo dola inajua vizuri jina la kikoa ni nini inapomtafuta mwenye maoni. Tunataka ijue hivyo hivyo kijana anapoibiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kosa la udanganyifu wa kompyuta. Itumike kumlinda muuzaji wa Mafinga na Tukuyu, isiwe fimbo ya wakosoaji tu.

Na la mwisho. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Lakini mikataba ya kupokea kadi niliyoisoma mimi ni Kiingereza kitupu, na kifungu cha nani anabeba hasara kimefichwa huko chini. Tudai Benki Kuu iagize mikataba hiyo itolewe kwa Kiswahili, na faini zote ziandikwe ukurasa wa kwanza. Wabunge wetu na madiwani wetu tuwape hoja hii, ni hoja ya mkate.

Mpaka hapo itakapokuwa, kila mwenye kazi hii akifika nyumbani aufungue mkataba wake atafute kifungu hicho. Asiyekielewa aniletee, tusome wote.