Jua, Gridi na Betri: Umeme wa Zahanati Usiku wa Mvua

(Matini ya mazungumzo ya mhandisi wa umeme na wakazi wa Kata ya Bilele)



Nimeombwa nizungumze juu ya umeme mseto, yaani mtambo unaounganisha vyanzo viwili au zaidi pamoja na betri za kuhifadhia. Neno ni geni, jambo lenyewe si geni kwa mtu aliyekulia Buhaya. Kibanja chetu kina migomba, mibuni na maharage katika udongo mmoja. Kahawa ikikosa bei, ndizi zipo. Migomba ikipatwa na mnyauko, maharage yapo. Lakini kibanja hakipandwi ovyo: mgomba unaupa mbuni kivuli, na kila mmea una mahali pake. Vyanzo vya umeme navyo vinahitaji kupangiwa kazi.

Hapa Bilele tuna nguzo za TANESCO, na wengine watauliza paneli za nini. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera umetumia umeme ulionunuliwa Uganda, ukiingia kwa njia ya Mutukula na Kyaka. Siku hizi kuna mtambo wa Rusumo kule Ngara, wa megawati 80, ambazo Tanzania inagawana na Rwanda na Burundi. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, mti ukiangukia waya usiku wa radi, mama aliyeko kitandani akijifungua hawezi kungoja mafundi wamalize kazi. Chanjo nazo zinatakiwa zikae kati ya nyuzijoto 2 na 8 mchana na usiku. Katika visiwa vya Muleba, kama Bumbire na Goziba, kuvusha nguzo ziwani ni kazi ya namna nyingine kabisa, na huko mtambo wa namna hii ndio huwa gridi yenyewe.

Kazi ya kuusanifu haianzii kwenye paneli. Huanza kwa daftari: kifaa gani, wati ngapi, saa ngapi, na je, kinaweza kungoja?

Tuchukue zahanati ya mfano. Taa 10 za wati 9 zikiwaka saa 12 hula uniti 1.1 hivi. Friji ya chanjo tuiwekee uniti 1 kwa siku. Mashine ya kufyonza ya wati 150 kwa saa 2 ni uniti 0.3. Kompyuta na simu, uniti 0.6. Mtungi wa kuchemshia vifaa, wati 1,500 kwa saa moja, uniti 1.5. Jumla ni uniti 4.5 kwa siku. Sasa tazameni huo mtungi: peke yake unachukua theluthi nzima, na hakuna sababu ya kuuwasha usiku. Ukiwashwa saa sita mchana unakula jua moja kwa moja na betri inabaki na chaji yake. Uamuzi huo mmoja, usiogharimu shilingi, unapunguza betri za kununua.

Kuhusu paneli, Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa Aprili mawingu hayana haya. Nikihesabu saa 4 za jua kamili kwa siku, na kutoa robo kwa upotevu wa joto, nyaya na vumbi, ninapata paneli za wati 1,500. Kwa betri ninahesabu mambo ya lazima tu: taa, friji na mashine ya kufyonza, yaani uniti 2.4 kwa siku. Kwa siku mbili bila jua wala gridi ni uniti 4.8. Betri za risasi, zinazofanana na za gari, hazipendi kushushwa chini ya nusu, hivyo zinatakiwa za uniti 9.6. Za lithiamu, zikitumika kwa asilimia 80, zinatosha za uniti 6. Muuzaji anayewaambia bei ya betri bila kuwaambia nusu ipi inatumika, mwulizeni tena.

Na jenereta? Siifukuzi, ila haitumiwi ipasavyo. Jenereta kubwa ikiunguruma usiku kucha kwa ajili ya taa mbili hula mafuta mengi kwa kazi ndogo, na injini hujaa masizi. Ikibebeshwa mzigo wake vizuri, lita moja yaweza kutoa uniti mbili hadi tatu. Kwa hiyo iwashwe saa chache, ijaze betri kwa nguvu, kisha izimwe, na usiku ubaki kimya.

Mfano wa karibu ni kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Mwaka 2016 kampuni ya JUMEME ilianza kusambaza umeme huko kwa paneli, betri na jenereta ya dizeli. Kampuni hiyo iliingia pia katika biashara ya kugandisha samaki. Mtu anaweza kudhani hayo ni mambo mawili tofauti. Si hivyo: majumbani watu huwasha taa usiku, jua linapatikana mchana, na friji la samaki ni mteja wa mchana. Ni ule mtungi wetu wa kuchemshia, kwa kipimo cha kijiji.

Jambo linaloua mitambo mingi ni betri kuzeeka bila akiba ya kununua nyingine. Kwa mfano wa hesabu tu: betri ya shilingi 3,600,000 inayotazamiwa kudumu miezi 60 inataka shilingi 60,000 ziwekwe kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza, wakati bado ni mpya na kila mtu anaisifu. Vilevile nyaya za betri zisiunganishwe na televisheni wala simu za mtaa mzima. Na msimu wa senene ukifika, zile taa kubwa za kutegea zitafutiwe umeme kwingine. Nawapenda senene kama ninyi, lakini chanjo zina haki yake.

Usalama nao hauna mjadala. Umeme wa TANESCO ukikatika, mtambo wetu lazima ujitenge na nguzo, na jenereta iunganishwe kwa swichi ya kubadilishia, kamwe si kwa kuchomekwa kwenye soketi. Fundi aliye juu ya nguzo anaamini waya umekufa.

Ninachoomba kwenu leo si mchango wa fedha. Kila mtaa uchague watu wawili watakaoandika daftari la vifaa nililoeleza, kwa siku saba, pamoja na saa za kuwasha na kuzima, usiku ukiandikwa ukurasa wake. Madaftari yapokelewe na Mtendaji wa Kata. Nitayapitia mbele yenu, na ndipo tutakapojua kama tununue betri kwanza au paneli kwanza. Maswali nayapokea sasa, na ningependa aanze mama yeyote aliyewahi kujifungua gizani.