Mtego wa Kamba Usimnase Fisi Maji

Mazungumzo kwa wavuvi na wafugaji wa samaki, Naivasha



Wazee waliokulia Naivasha huenda wanamkumbuka koipu, panya mkubwa wa maji kutoka Amerika Kusini. Aliletwa Kinangop karibu mwaka 1950 afugwe kwa ajili ya manyoya yake. Baadhi walitoroka wakafuata mito, na kufikia 1965 walikuwa ziwani wakila mayungiyungi. Mwaka 1970 wakaongezwa kamba wekundu wa Marekani, nao wakafyeka mimea ya majini. Koipu walitoweka baadaye. Kamba bado wapo, na ndio wanaotegwa leo.

Uingereza pia ilisumbuliwa na koipu waliotoroka mashamba ya manyoya. Mwaka 1981 ilianza kampeni ya wategaji 24, na kufikia 1989 koipu walikuwa wamekwisha. Wategaji hao walitumia vizimba vya waya vinavyomnasa mnyama akiwa hai, hivyo aliyenaswa kwa bahati mbaya aliachiliwa aende zake. Kitanzi hakitoi nafasi hiyo.

Hapa kwetu anayeumia ni fisi maji. Chakula chake ni kaa, kamba na samaki, kwa hiyo harufu ya kamba walionaswa humvuta moja kwa moja hadi kwenye mtego. Huyu si samaki; hupumua hewa kama mbwa. Akiingia kwenye kapu lililozama lote na kukosa njia ya kutoka, dakika chache tu zinatosha kumuua. Mvuvi naye hupata kapu lililoraruliwa, bila kamba.

Anayejitengenezea mtego kwa wavu wa waya aanze na mdomo wake. Kamba huingia bila shida kwenye tundu la sentimita 5 au 6. Uingereza hairuhusu mdomo wa mtego wa kamba uzidi sentimita 9.5, kwa sababu hiyo hiyo ya fisi maji. Funga pete ngumu ya waya mdomoni, maana wavu mlegevu hupanuka mnyama akisukuma kichwa. Kwenye maji ya kina kifupi, acha sehemu ya juu ya mtego ionekane juu ya maji, kisha ukague kila asubuhi. Mtego uliokatika kamba ukasahaulika matopeni huendelea kuua miezi mingi. Ukiuona, utoe hata kama si wako. Kabla ya kuweka wowote ziwani, muulizeni afisa wa uvuvi kuhusu leseni.

Wenye mabwawa wana kilio chao, na ni cha haki: mtu amenunua vifaranga na chakula, halafu usiku mmoja samaki wanaliwa. Hata hivyo Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inakataza kumtega au kumuua mnyamapori bila kibali, na kitanzi cha ukingoni hakichagui. Mbwa wa jirani au mtoto anayechota maji anaweza kunaswa. Zungushia bwawa ua wa waya, chini uufukie ardhini ili asichimbe, na ufyeke majani marefu anamojificha. Akizidi kusumbua, toeni taarifa kwa ofisi ya KWS iliyo karibu.