MAZUNGUMZO KWA WANANCHI NA WATUMISHI: VIJANA WAFUNZWE KABLA YA KUBALEHE



Abiria wanaovuka kutoka Kilindoni, Mafia, hushukia Nyamisati, katika Kata ya Salale, Wilaya ya Kibiti. Watu wa pande hizo mbili za bahari huoana, huuziana samaki na husaidiana kulea watoto. Kwa hiyo malezi ya vijana wa Salale yanawahusu pia wakazi wa kisiwani. Mazungumzo haya yanahusu elimu ya afya ya uzazi, yaani mafunzo juu ya mwili na mabadiliko yake, heshima baina ya wavulana na wasichana, kinga ya maradhi na mimba, na haki ya mtoto ya kukataa kuguswa.

Elimu ya namna hiyo si ngeni katika delta ya Rufiji. Wandengereko na Wanyagatwa walikuwa nayo kabla ya shule kujengwa. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akakabidhiwa kwa kungwi. Mvulana alipelekwa jandoni. Huko walifunzwa usafi, adabu kwa wakubwa na mambo ya unyumba. Wanaoubeza unyago wangefanya vyema kukumbuka kwamba wazee walitambua jambo ambalo wazazi wengi wa leo wanalikwepa: mtoto hawezi kuyajua mambo haya asipoambiwa na mtu mzima anayeaminika.

Hata hivyo, unyago una upungufu. Huanza baada ya damu ya kwanza kuonekana, ilhali yai la uzazi huweza kupevuka kabla ya damu hiyo. Msichana aweza basi kushika mimba hata kabla hajaona siku zake, naye hajaambiwa neno. Tena mafunzo yale yalimwandaa mke ambaye mumewe alikuwa karibu kuja. Mwali wa leo ni mwanafunzi, na mbele yake kuna miaka kadhaa ya masomo. Kumfunza mtoto wa miaka 12 namna ya kumridhisha mume, bila kumfunza kusema hapana, ni kumpa nusu ya elimu, nayo ni ile nusu yenye hatari. Kwa wavulana hali ni mbaya zaidi. Tohara sasa hufanyika hospitalini, na mara nyingi mtoto hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kisu kimebaki, mafunzo yametoweka.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 22. Nafuu ipo, lakini bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano.

Wapo wazazi wanaohofu kwamba elimu hii itawafunza watoto uasherati. Hofu yao inastahili heshima, kwani inatokana na mapenzi na dini. Lakini mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018, uliozingatia tafiti za nchi nyingi, unaeleza kwamba vijana waliofunzwa hawaanzi mapema kuliko wenzao, na baadhi yao huchelewa. Isitoshe, mwalimu wa madrasa hufundisha habari za hedhi, janaba na josho bila kuona haya. Mzazi anayeona haya mbele ya mwanawe anaweza kuanzia hapo.

Sheria nazo zafaa kujulikana. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mtu anayemwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 asiye mke wake amebaka, hata kama msichana mwenyewe alikubali. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2016, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, au hata 14, vinapingana na Katiba. Watendaji wa vijiji wanaosuluhisha kesi hizi kwa faini ya mbuzi wanaivunja sheria wanayopaswa kuilinda.

Katika visiwa vya mikoko safari husubiri maji yajae, na saa hupita. Mtoto aliyebakwa anaweza kupewa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI iwapo atafikishwa kwenye kituo cha afya ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo inavyofaa zaidi. Mzazi asiyejua hesabu hiyo huweza kuzimaliza siku zote tatu katika vikao vya ukoo. Asiyejua aanzie wapi anaweza kupiga simu ya mtoto namba 116.

Kwa msichana ambaye mafunzo yalimchelewa, Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 ulimruhusu aliyekatisha masomo kwa ujauzito kurejea shuleni ndani ya miaka 2. Mzazi aende kwa mkuu wa shule pamoja na binti yake, wala asingoje mtoto mchanga aanze kutembea.